Mkate Ufike Kabla Chai Haijapoa

Hongera. Umepewa funguo za pikapu, koti la kazi lenye jina la mtu aliyeacha kazi hii, na kreti za mkate zilizopangwa hadi zikagusa paa. Saa ni kumi alfajiri, uko Tuwan, na Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo vidole vyako havitakunjuka vizuri mpaka Kiminini. Huko mbele wenye maduka wameshabandika sufuria za chai. Ukichelewa, wateja wao watakula viazi vitamu vya jana, mkate wako utarudi mjini mzima mzima, na hesabu ya jioni itakukata wewe.

Maelekezo yafuatayo hayapatikani katika shule yoyote ya udereva. Yasome gari likiwa limesimama.

Sahau ule ubao

Kila Mkenya mwenye leseni alifundishwa kuendesha gari juu ya meza. Unaukumbuka ule mji wa mfano: mzunguko mmoja, vivuko vya punda milia, mishale ya rangi nyeupe, na kigari cha kuchezea ambacho mtahini alikuamuru ukitoe huku ukifikishe kule bila kuvunja sheria. Ulipita. Ulikuwa mji safi sana. Haukuwa na ng'ombe. Haukuwa na bibi arusi juu ya trekta, wala mahindi katikati ya njia, wala mzee anayevuka polepole huku akikutazama machoni ili ujue kwamba anavuka polepole makusudi. Mtahini hakuwahi kuuliza utafanya nini ukikuta mechi ya mpira inachezwa barabarani na goli moja liko upande wako.

Utafanya hivi: utangoja mpira utoke.

Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na treni ilipofika hapa ikaona imetosha. Tangu hapo kila kitu kilichotakiwa Endebess, Kapenguria, Kapsokwony au Kimilili kimekuwa kikimaliziwa safari na mtu mwingine. Mtu huyo, kuanzia leo, ni wewe.

Kutoka Tuwan kwenyewe ni nusu ya kazi. Njia ni nyembamba, mtaro umeamua kupita katikati, na mama wa maandazi ameweka jiko lake pale pale ambapo pikapu lazima ikate kona. Usimwambie asogee. Alikuwepo kabla ya pikapu, na mafuta yake yameshachemka. Alfajiri ya Jumamosi utakutana na watu wa namna mbili: wanaotoka kesha la maombi na wanaotoka kwingineko. Wote wanaimba, wote wamechoka, na hakuna kati yao anayetembea pembeni. Wape nafasi sawa.

Kuhusu ramani

Simu yako ina ramani, na ramani hiyo ni ya kutegemewa mpaka lami inapoisha. Baada ya hapo unaingia katika ramani ya wenyewe, ambayo haina majina ya barabara wala namba za nyumba. Ina poshomili, dipu ya ng'ombe, kwa chifu, na mti. Utaambiwa ukate kushoto kwenye mkuyu mkubwa. Mkuyu huo ulikatwa zamani ukachomwa makaa, lakini hakuna aliyeona haja ya kubadilisha maelekezo, maana kila mtu anajua ulikuwa wapi. Kwenye njia panda utakuta mabango yamesongamana, ya makanisa, ya shule, ya zahanati, ya mganga wa mitishamba, kila moja na mshale wake. Bango la jina la kijiji halimo. Wanakijiji wanajua wako wapi. Aliyepotea ni wewe.

Usimuulize njia kijana wa steji ya boda boda. Atakuambia ni mbali na ni ngumu, kisha atajitolea kukutangulia kwa malipo, na mtafika baada ya kona moja. Muulize mama anayepanga nyanya kando ya njia. Huyo anamjua mwenye duka, anajua deni lake, na anajua kama ameamka.

Umbali huku haupimwi kwa kilomita. Trans Nzoia kuna mahali panaitwa Maili Saba. Nchi nzima ilishahamia kilomita, pale pamekataa kuhama. Kipimo cha kweli ni mwili wa unayemuuliza. Akielekeza kwa mdomo, umekaribia. Akitoa mkono mfukoni, bado. Akiinuka kutoka kwenye kiti chake, akavua kofia na kutazama upeo wa macho, unavuka kaunti.

Na mteja akikuambia kwenye simu, "Dere, niko hapa barabarani, nakuona," zima injini usikilize. Kama jogoo anawika ndani ya simu na hapo ulipo hakuna jogoo, mteja wako yuko kitandani.

Matuta

Wahandisi wana vipimo vya tuta. Wanakijiji wana sababu. Tuta la kijiji hujengwa usiku mmoja, baada ya mtoto au ndama kugongwa, kwa udongo, mawe na hasira. Halipakwi rangi, halina bango, na halimsamehe mtu aliyebeba mkate. Ukilirukia, kreti za juu zitakandamiza za chini, na mama wa duka atakuuliza kama umeikalia mikate yake.

Lakini litazame vizuri, kwa sababu mimi sijaona kitu kinachojenga mji upesi kuliko tuta. Wiki ya kwanza gari linapunguza mwendo na msichana mmoja anakimbia nalo akiwa na sinia la ndizi. Mwezi wa pili kuna mahindi ya kuchoma. Halafu kunakuja mwavuli wa boda boda, halafu fundi wa pancha, halafu kibanda kilichopakwa rangi ya kampuni ya simu. Matatu nazo zinaanza kushusha watu hapo, kwa kuwa zimesimama tayari. Mwaka ukiisha mahali hapo pana jina, na mgombea wa udiwani anakuja kuahidi taa. Serikali inatafuta wawekezaji kwa mikutano. Wanakijiji walitumia toroli tatu za udongo.

Mashimo ni biashara ya namna nyingine. Utawakuta vijana wenye majembe wamesimama juu ya shimo walilolijaza, mikono imeinuliwa kukuonyesha jasho. Toa kidogo. Kesho shimo litakuwa wazi tena na vijana watakuwa wale wale. Usianzishe uchunguzi.

Oktoba hadi Januari, lami si yako

Sehemu hii isome mara mbili.

Huku mahindi hupandwa mara moja kwa mwaka, mvua za Machi na Aprili zikianza, na mbegu nyingi za nyanda za juu, kama ile H614 ya Kenya Seed, kampuni iliyozaliwa papa hapa Kitale mwaka 1956, hukaa shambani miezi mingi kabla ya kukomaa. Kuanzia Oktoba watu wanavuna. Hapo ndipo shida inapoanza: bodi ya nafaka, NCPB, haipokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5. Mahindi yaliyotoka shambani juzi yana unyevu zaidi ya huo, mvua ya Novemba nayo haina huruma, na kukausha kwa mashine kunalipiwa. Sasa mkulima anatazama nje ya lango lake. Anaona kitu cheusi, kipana, kikavu, kinachoshika joto tangu asubuhi, kilichojengwa kwa kodi yake. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Kwa hivyo ukitoka Kiminini kuelekea Kamukuywa usishangae nusu ya barabara ikiwa ya manjano. Imezungushiwa mawe ya ukubwa wa kichwa cha mtoto, na juu ya stuli ameketi mzee mwenye fimbo ndefu. Fimbo ni ya kuku. Mawe ni yako. Sheria ya trafiki inasema kaa kushoto. Mahindi yamekaa kushoto tangu saa moja asubuhi. Utapita kulia, ukiwashiana taa na lori linalokuja, na mtapatana kwa macho nani atangulie. Lori likiwa la mahindi, litangulie lenyewe. Lina haraka ya kwenda kupanga foleni.

Unapompita mzee, punguza mwendo na ushushe kioo. "Mulembe, mzee." Atajibu bila kuinuka, kisha ataongeza, "Pita pole, kijana, hiyo ni karo ya Januari." Hatanii. Hapo chini ya tairi lako kuna muhula wa kwanza wa mtoto wa sekondari, sare, na labda godoro la bweni. Kanyaga punje chache na utasikia jina la mama yako likitajwa kwa lugha usiyoijua.

Jioni ukirudi na kreti tupu, utaliona wingu likitoka upande wa Mlima Elgon. Utaliona wewe, ataliona mzee, wataliona watoto waliotumwa kuwinga kuku. Ndani ya dakika chache barabara imejaa watu wenye mafagio, vibao, masufuria, magunia na makopo ya gorogoro. Lami inafagiwa safi kuliko sakafu ya hospitali. Huwezi kupita, kwa hivyo shuka. Mtu atakukabidhi gunia la kilo 90 ulishike mdomo huku wengine wakijaza. Kushika gunia hakumo katika mkataba wako wa kazi. Shika. Na kama nyuma ya pikapu una turubai, usijifanye huna, walishaliona asubuhi.

Ule ubao wa mji wa mfano ulitudanganya hapa. Ulituonyesha barabara kama mahali pa kupitia tu, eti watu wanatoka pointi moja kwenda nyingine na katikati hapana mtu. Barabara ya huku ni ua wa mbele wa kila nyumba iliyopakana nayo. Ndiyo uwanja wa kuanikia, wa kuchunga, wa kuposea, wa kusuluhishia kesi za mipaka ya mashamba. Wewe ndiye unayekatiza uani kwa watu, kila siku, kabla hawajanawa uso. Basi ingia kwa hodi. Honi moja fupi ni hodi. Honi ndefu ni tusi, na tusi hukumbukwa: mwaka mzima baadaye utaomba kusukumwa kwenye tope na watakuuliza kama si wewe mwenye ile honi.

Agosti ya mwaka shufwa

Kama mwaka wako wa kwanza kazini ni 2026, au mwaka wowote unaogawika kwa mbili, muulize bosi mapema nani amepangiwa njia za Bungoma mwezi wa Agosti. Ukigundua ni wewe, usikatae. Lakini jipange.

Ukikata kulia Kamukuywa kuelekea Kimilili, au ukiendelea hadi Chwele, utaanza kusikia njuga kabla ya kuona mtu. Ni wakati Wabukusu wanatahiri vijana wao, na kijana mwenye chinyimba, ndizo njuga hizo, mikononi anazunguka kwa jamaa zake kuwaalika, kundi zima likimfuata kwa kukimbia na kuimba. Njia yao haipindi kwa sababu ya gari. Atakwenda kwa khocha, mjomba wake upande wa mama, naye khocha hapatikani kwenye mteremko. Siku zote anaishi ng'ambo ya barabara unayoitumia.

Hizo ni mbio za mchana. Mtihani wako ni alfajiri, kwa sababu saa ya mkate na saa ya kisu ni moja. Kijana ametolewa mtoni, amepakwa tope tangu utosini, na anarejeshwa nyumbani huku umati umemzingira na wimbo unatikisa vioo vyako. Yeye haimbi. Hatazami pembeni. Ukikutana nao, toka barabarani kabisa, hata kama ni kuingia kwenye majani. Zima injini, punguza taa. Usipige honi hata ile ya hodi, na simu yako ibaki mfukoni. Aliye mbele yako hakuamka ili awe picha yako. Ngoja wapite wote, pamoja na wale wazee wa nyuma ambao busaa imewapunguzia kasi.

Mmoja wao atasimama dirishani kwako. Atataka kujua wewe ni wa wapi na ni rika gani. Hapo usijibu "milenia". Marika ya Wabukusu ni manane, yanapeana zamu kwa mzunguko unaochukua karibu karne, na mtu wa Basawa haongei na mtu wa Bachuma kama anavyoongea na mwenzake. Kama wewe ni mgeni, sema ni mgeni, unaleta mkate. Neno mkate lina nguvu kubwa wiki hiyo. Kila boma lina wageni, wageni wanakunywa chai, na duka lililozoea kreti mbili litataka zote. Usiuze zote kwenye duka la kwanza hata wakikubembeleza vipi. Duka la mwisho nalo lina sherehe yake.

Matawi, taa na mikono

Matawi mabichi yakiwa yametupwa barabarani, gari limekufa baada ya kona. Matawi makavu maana yake gari lilikufa juzi, liliondolewa, na matawi yakaachwa yawatishe watu wengine. Dereva akikuwashia taa mara mbili mchana kweupe, kuna kizuizi mbele: funga mkanda, mwambie tanboi aliyekaa juu ya kreti ashuke aje ndani. Na wewe ukipita kizuizi, washie wenzako. Huu ndio ushirika pekee magharibi ya Kenya ambao haujawahi kugombania uenyekiti.

Kizuizini, sema "habari ya kazi, mkubwa" kabla hujaulizwa. Utaulizwa kuhusu kizima moto, halafu pembetatu, halafu sanduku la huduma ya kwanza. Ukiwa navyo vyote, yatazungumzwa mambo ya baridi. Baridi itaendelea kuzungumzwa, na macho yataelekea kwenye kreti. Sikuelekezi la kufanya hapo. Nakuarifu tu kwamba katika daftari la mauzo kuna safu ya mikate iliyoharibika njiani, na tangu nianze kazi hii sijawahi kuona mkate ukiharibika mahali pasipo na kizuizi.

Boda boda usizipime kwa upana wa pikipiki. Pima mzigo. Ya sofa inahitaji leni nzima. Ya mlango na fremu yake inaendeshwa na upepo zaidi kuliko na dereva. Ya nguruwe haina breki za kutosha kwa wote wawili. Ya kioo cha dirisha, aliyekibeba nyuma anakiona kilicho mbele kupitia kioo chenyewe, kwa hivyo yeye ndiye anayekata kona, mwangalie yeye. Ya jeneza tupu inaenda haraka. Ya abiria watatu na mtoto, mtoto ndiye aliyeshika usukani.

Ukielekea Bukembe na Nzoia, msimu wa kuvuna miwa, trekta litatokea gizani na matela mawili bila taa hata moja, na mwisho wake utaujua kwa miwa inayoburuzika lamini. Watoto wataichomoa miwa tela likitembea. Usilikaribie, unaweza kulaumiwa kwa muwa ambao hukuula.

Tope

Milima ina adabu zake. Ukiacha Kimilili na kupanda kuelekea Kapsokwony, au ukiingia njia za pembeni za Endebess mwezi wa Aprili, utakuta udongo mwekundu umelowa na mkondo wa maji umechimba njia ndani ya njia. Fuata mifereji ya tairi za trekta kama una hakika trekta hilo lilitoka. Kama mifereji inaingia na haionekani ikitoka, simama.

Ukikwama, usishuke na hasira. Tulia ndani ya gari dakika tano. Watatokea. Kwanza watoto, ambao watatazama. Kisha vijana, ambao watatoa maoni. Kila mmoja ana nadharia yake: weka mawe, toa upepo, rudi nyuma, kata usukani, ungepita juu. Mwisho anakuja mzee mmoja asiyesema kitu, anainama, anatazama, anaondoka na kurudi na jembe. Huyo ndiye wa kumsikiliza. Malipo yazungumzwe kabla ya kusukuma, kwa idadi ya watu walioko wakati huo, kwa sababu gari likishatoka kila aliyewahi kuliona atakuwa amelisukuma. Mkate unapokewa badala ya pesa, na ulio bado moto unapokewa kwa bei nzuri zaidi.

Wanaodaiwa

Barabara ya Kapenguria ina njia ya kuingilia Saiwa Swamp, hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, eneo la kilomita tatu za mraba hivi, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe. Nzohe ni swala wa kwenye bwawa. Akihisi hatari anazama majini akaacha pua tu. Nakutajia mnyama huyu kwa sababu za kikazi: mwenye duka anayedaiwa kreti za wiki iliyopita, akisikia mlio wa pikapu yako, anafanya vivyo hivyo nyuma ya kaunta. Duka li wazi, redio inaimba, mtoto wa miaka sita amesimama juu ya debe na kukuambia, "Mama amesema hayuko."

Mwambie mtoto, kwa sauti ya kufika nyuma ya kaunta, kwamba umeleta mkate wa moto na leo hudai. Mama ataibuka. Mkishasalimiana, mkaulizana za watoto, za mahindi, za yule ng'ombe aliyekuwa hali majani, ndipo deni litajwe, tena kwa upole, na yeye atalitaja la kwake: kuna mikate miwili uliyomletea Alhamisi ikiwa na umri mkubwa kuliko ulivyosema. Mtasuluhishana. Atatuma kwa M-Pesa. Mtandao utapotea. Atapanda kichuguu nyuma ya choo, mahali ambapo kijiji kizima hupandia kutuma pesa, na wewe utangoja huku chai ikimiminwa.

Kunywa. Kukataa chai ya mteja ni kumwambia una duka lingine unalolipenda zaidi. Ila usikubali kuitolea maoni siasa ya mkate, maana itakuja. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipotaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16, pendekezo hilo liliondolewa, na baada ya maandamano ya Juni mswada wote ukarudishwa kabatini. Tangu hapo kila mwenye duka anaamini bei ikipanda hata shilingi moja, wewe mwenye koti la kazi ulikuwa kwenye kamati. Eleza kwamba wewe ni dereva. Hawatakuamini, lakini watakuongezea chai ili wajue bei ya mwezi ujao.

Sasa kreti

Hesabu kreti unaposhusha, hesabu tena unapochukua tupu. Hazitalingana. Kreti ya mkate ni imara, ina matundu ya hewa, inabebeka kwa mkono mmoja, na kijiji kilishaigundulia matumizi kabla kiwanda hakijamaliza kuilipia. Moja utaiona ina vifaranga. Nyingine inaatamiwa na kuku uani kwa mwalimu. Ya tatu iko kwenye steji ya boda boda, ndiyo ofisi ya mwenyekiti. Hizo unaweza kuzidai, polepole, kwa kubadilishana na gunia au mkate wa jana, ingawa ile ya kuku utangoja siku 21.

Zilizobaki zitakuwa matangani. Utayajua matanga kwa mabango ya karatasi yaliyobandikwa kwenye miti kuanzia lami, kwa viti vya kukodi juu ya mkokoteni, na kwa vijana wenye macho mekundu wanaotoka kwenye disko la usiku. Egesha mbali. Ingia, toa mkono wa pole kwa wafiwa, weka kitu kwenye sahani, keti kidogo. Kisha angalia chini ya wazee waliokosa viti. Ndizo hizo, rangi na jina la kampuni yako vinaonekana vizuri kati ya miguu yao. Mzee aliyekalia kreti matangani hainuliwi. Toa daftari, andika kijiji, andika kreti nne, na mbele yake andika Jumatatu. Halafu nenda uwashe gari. Mama wa Chwele amepiga simu mara mbili, anasema yuko barabarani na anakuona.